Somo Yangu, Mwenye Kitabu

Watu wa Temeke walianza kumwita Mwenye Kitabu zamani sana, kabla hajawa na kitabu, na walimwita hivyo kwa kumcheka. Akipita njia ya kisimani na ndoo yake utawasikia wanawake wakiulizana kwa sauti ya makusudi, "Shoga, kile kitabu kimefika wapi?" Na mwenziwe anajibu, "Kimefika mlangoni, kinapiga hodi." Yeye hakukasirika. Aligeuka taratibu, mdomo mwekundu kwa tambuu, akawaambia, "Kikiingia ndani, nyie ndio mtakaokuja kukipokea viatu." Kisha akaenda zake, na ndoo haikumwagika hata tone.

Mimi nilimwita Somo, kwa sababu ndiye aliyenifunda. Nilipovunja ungo nilikabidhiwa kwake, kama walivyokabidhiwa wasichana wengi wa upande ule, akanifundisha yale ambayo mama hawezi kumwambia mwanawe uso kwa uso. Hayo siyaandiki hapa, na yeye hakuyaandika. Nataka kusema juu ya lile jingine, lile ambalo hakuna aliyemtuma kulifanya, na ambalo mpaka leo nikilikumbuka nashika kidevu.

Alitaka kuwa mtunzi. Aliniambia mwenyewe siku nilipokuwa ndani nikifundwa, yeye akisuka ukili wa mkeka na mimi nikimwangalia vidole. Wakati huo kichwa chake kilikuwa kimeshaingia mvi.

"Nataka mtu asiyenijua," alisema, "asiyejua kama mie mfupi au mrefu, mweusi au maji ya kunde, ayasome maneno yangu toka mwanzo mpaka mwisho. Basi."

"Lakini Somo, wewe unajulikana Temeke nzima."

"Ndiyo hayo! Wote wananijua. Nikisema, wananisikiliza kwa heshima, na heshima si masikio, mwanangu. Mtu anaweza kukuheshimu saa nzima na asisikie hata neno."

Nilikuwa msichana mdogo, sikuelewa vizuri. Nilichoelewa ni kwamba mtu mzima mbele yangu alikuwa na hamu kubwa kama ya mtoto, na haoni haya kuisema.

Kuandika kwake kulianzia mikononi. Alikaa kwenye busati nyuma ya nyumba baada ya sala ya adhuhuri, akachukua miyaa iliyokwisha kupasuliwa, akaanza kusuka huku akitamka sentensi kwa sauti ya chini. Sentensi ikimpendeza, ukili uliendelea. Neno likimkera, alifumua vyote viwili, neno na ukili, akaanza upya. Ndiyo maana mikeka yake ilichelewa mno. Ukimwagiza mkeka kabla ya Ramadhani, jua kwamba utaulalia baada ya Idi, na ukilalamika atakwambia mkeka wako umekwama kwenye mlango wa nyumba ya watu, bado hajajua nani atafungua.

Akiridhika na kipande ndipo alipochukua kalamu yake ya mwanzi na kukiandika kwa herufi za Kiarabu, ambazo ndizo alizofundishwa chuoni utotoni. Kidole chake cha shahada kilikuwa na hina upande mmoja na wino upande wa pili, na vyote havikutoka kwa maji. Na kabla ya kuandika alitujaribia sisi wali wake, wasichana aliokuwa akiwafunda. Alitusimulia kile kipande, macho yake yakiwa kwenye ukili, lakini nakwambia alikuwa akituona. Tukianza kukunana migongo au kuchezea ncha za kanga, alijua pale pamelegea. Tukinyamaza hata nzi akasikika, alisema "Haya, hapo pameshika," na mkono ukaenda kwenye kalamu.

Alikuwa na msemo wake kwamba kitabu ni mwali, hakitolewi nje kabla hakijafundwa. Hakuna aliyemwelewa isipokuwa sisi tuliopita mikononi mwake.

Sasa, habari kwamba kungwi anaandika kitabu ilipoenea, hofu iliingia. Makungwi wenziwe walikuja siku moja alasiri, kundi zima, wakiongozwa na nyakanga, yaani mkubwa wao wote, bibi mmoja mnene aliyekuwa akiogopwa hata na wanaume. Mimi nilikuwa jikoni nakuna nazi, nikasikia kila kitu.

"Tumesikia unaandika," alisema nyakanga kabla hata ya kukaribishwa.

"Mmesikia kweli."

"Ya ndani yakitoka nje, sie tutafunda nini? Wanaume watayasoma barazani wanywe nayo kahawa. Unatuanika, mwenzetu!"

"Kaeni kitako."

"Hatukai."

"Basi sikilizeni mmesimama. Miguu ni yenu."

Akatoa karatasi zake, akasoma. Ilikuwa hadithi ya bibi harusi. Siku ya harusi yake ngoma inalia, pilau imeiva, wageni wamejaa, na bwana harusi haonekani. Watu wanaanza kuaga mmoja mmoja, na yule binti amekaa palepale na nguo zake za harusi, akisikia sufuria zikioshwa. Somo alisoma bila haraka. Nilichungulia mlangoni nikamwona kungwi wa kwanza akikaa, kisha wa pili, halafu nyakanga mwenyewe akatafuta mahali pa kuweka ule mwili wake. Somo akafika mwisho wa karatasi, akaikunja.

"Huyo mwanamume yuko wapi?" aliuliza nyakanga kwa ukali.

"Sijajua bado."

"Hujui vipi, na wewe ndiye mwenye maneno?"

"Namngoja aje aseme mwenyewe alikokuwa."

"Loh! Mshenzi mkubwa! Akija, nipate habari."

Tangu siku ile nyakanga alipita kila Ijumaa kuuliza kama bwana harusi ameonekana. Na habari za kuanikwa hazikusemwa tena.

Usidhani nakusimulia malaika. Somo alikuwa na vituko vyake. Alitufunda subira, na yeye mwenyewe hakuweza kungoja wali uive. Alifunua chungu mara kwa mara mpaka ukawa bokoboko. Alitufundisha mwanamke hapazi sauti, na sauti yake ilisikika Keko. Sukari aliificha hata sisi tusiijue, lakini maneno aliyamwaga bure kwa kila mpita njia. Alimwogopa jongoo. Na jengo la posta aliliogopa zaidi ya jongoo. Hakuwahi kuingia. Alisema mlango ule ni mpana mno, mtu akiingia hajulikani atatokea wapi. Kila alipotaka kupeleka mswada wake, aliyeubeba alikuwa mumewe.

Huyo mumewe alikuwa kuli wa bandarini, mrefu, mkimya, mabega mapana kama mlango. Herufi hakujua hata moja. Alifunga zile karatasi kwa kitambaa cheupe, akaziweka kichwani kama mtu aliyebeba Msahafu, akatembea kwa miguu toka Temeke mpaka mjini. Wenzake wa bandarini walipomwuliza kwa nini anajisumbua kwa mambo ya mkewe, aliwajibu, "Mie sijui kusoma, lakini kubeba najua." Somo alipenda sana kulirudia neno hilo, na kila alipolirudia alikuwa akitazama pembeni.

Safari ya kwanza ya mswada ule ndiyo iliyotupa kicheko cha maisha. Mjini palikuwa na ofisi iliyopitia maandishi ya watu na kuchagua ya kupigwa chapa, na ofisi hiyo ilitaka herufi za Kizungu. Somo hakuzijua. Basi mumewe akaupeleka mswada kwa karani mmoja aliyejua herufi zote mbili, naye akaugeuza wote kwa mashine, kwa haraka, akaupeleka.

Jibu liliporudi, tulimwita mwalimu wa shule ya misheni aliyekuwa jirani yetu atusomee. Alikuwa kijana mpole kutoka bara, na alipofika katikati alisita, akafuta miwani.

"Soma, baba," Somo akamwambia.

"Mama, wanasema hadithi ina mambo yasiyo ya adabu."

"Yepi?"

"Wanasema si vizuri kuandika kwamba binti alipelekwa chooni akiwa mdogo, akakaa huko miaka mitatu mpaka akahitimu."

Somo akaweka ukili chini.

"Na tena wanauliza kwa nini bibi harusi alishusha kupe zake mbele ya wageni."

Kwa msomaji asiyejua herufi zile nieleze kidogo. Sisi tulipoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, alama ya "o" na ya "u" ilikuwa moja, na "e" na "i" vilevile. Msomaji alijazia mwenyewe kwa akili yake. Chuo na choo vilikuwa na sura moja, na kope na kupe sura moja. Mtu wa Temeke asingeweza kukosea, maana anajua mtoto hahitimu chooni. Yule karani alikuwa na haraka, akajazia alivyojazia.

Somo akarudia polepole, "Kope. Kupe." Kisha mabega yakaanza kutikisika, akacheka, akacheka mpaka akalala chali kwenye busati na kanga ikamtoka kichwani, na mwalimu wa watu naye akashindwa kujizuia. Halafu nikaona kicheko kimegeuka, analia. Nilikuwa sijawahi kumwona Somo akilia. Mumewe alitoka nje, akasimama uani.

"Mwali amerudishwa," Somo alisema hatimaye, akijifuta kwa pindo la kanga. Ni neno zito hilo kwa kungwi. Bibi harusi akirudishwa kwao, aibu ni ya aliyemfunda. Akakaa vizuri, akafunga kanga yake. "Haya. Tumfunde tena. Mwalimu, hizo herufi zenu zinaanzia wapi?"

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yeye aliinama kweli. Bibi mwenye wajukuu wa kufunda, aliyeamkiwa shikamoo na nusu ya mtaa, alikaa kwenye baraza ya mwalimu pamoja na watoto wa darasa la kwanza, kibao cha kuandikia mapajani. Mke wa mwalimu, ambaye alikuwa mgeni wa pwani, alifundishwa na Somo kupika kwa nazi na kusuka ukili, na mumewe akamfundisha Somo herufi. Wote waliona wamefaidi.

Siku ya kwanza aliandika jina lake kuanzia mkono wa kulia kwenda wa kushoto, kama alivyozoea.

"Mama, mwanzo uko huku," mwalimu akamwonyesha kwa kidole.

"Mwanzo wa nani?"

"Wa mstari, mama."

"Mie mwanzo wangu uko huku tangu nizaliwe. Haya, tuhame."

Lakini siku alipofundishwa irabu, jamani! Mwalimu aliziandika tano, a, e, i, o, u, akazisoma moja moja. Somo alimkatisha. "Ngoja. Hii na hii ni mbali mbali?" Ndiyo, mama. "Na hii na hii?" Ndiyo. Akaitazama ile "o" kama mtu aliyeletewa mtoto wa kwanza. "Kumbe mnazo tano! Na sie miaka yote hii tunakisia!" Alirudi nyumbani akachukua kaa la moto lililozimika, akaandika kwenye ukuta wa uani: chuo, choo, kope, kupe. Mumewe alipotaka kupaka chokaa kwa ajili ya Idi, alikatazwa kuugusa ukuta huo.

Basi akauandika mswada wote upya, kwa mkono wake mwenyewe, kwa herufi zilizolala huku na huku kama watoto wasiotaka kupanga foleni. Na ukarudi. Safari hii haukurudi na kicheko, ulirudi na wino mwekundu. Ofisi ilisema Kiswahili chake ni cha mtaani, na kila mahali alipoandika "mie", wino mwekundu ulikuwa umeandika "mimi".

Hapo ndipo aliposema anakwenda mwenyewe. Nilimsindikiza. Mtu aliyeogopa mlango wa posta alivaa buibui lake, akaingia kwa Mzungu aliyesimamia ofisi ile bila kusita, akaketi kabla ya kuambiwa aketi. Yule Mzungu hakuwa mtu mbaya, niseme kweli. Alikijua Kiswahili vizuri kuliko makarani wake, na alizungumza naye kwa adabu.

"Bibi, hadithi yako ninaipenda. Lakini Kiswahili chake si safi."

"Chako ni safi, bwana," Somo alimjibu kwa upole. "Kimefuliwa mpaka kimechujuka."

Nilitamani ardhi inimeze. Mzungu alitabasamu, akauliza ana maana gani. Somo akamfungulia ukurasa ambapo yule bibi harusi anamwambia mama mkwe aliyekuja kudai nyumba, "Mie siondoki katika nyumba hii."

"Huyu ameachwa siku ya harusi yake," alisema. "Ana hasira hapa kooni. Mwanamke mwenye hasira kwetu husema mie. Akianza kusema mimi, ujue hasira zimekwisha, anataka kununua samaki."

Mzungu aliandika kitu kwenye karatasi, akasema atafikiri. Hakuahidi lolote. Tuliporudi, nilidhani Somo atautia mswada kabatini. Badala yake alikaa na ile karatasi ya wino mwekundu, akaipitia neno kwa neno, na mara kwa mara nilimsikia akiguna, "Hapa amenifaa," au "Hapa nilikuwa mvivu." Mengi aliyakubali. Maneno ya msimulizi aliyanyoosha kama walivyotaka. Lakini mdomo wa yule mwanamke hakuugusa. Nilishangaa, na bado nashangaa, jinsi mtu mmoja alivyoweza kuwa mkaidi na msikivu kwa wakati mmoja, na kujua ni wapi awe kipi.

Kisha vita vya pili vya dunia vikaja. Karatasi zikaadimika, ofisi ikaacha kupokea vitabu. Somo aliandika nyuma ya karatasi za kufungia majani ya chai. Na katika miaka hiyo hiyo mzigo mmoja bandarini ulikatika kamba, ukamwangukia mumewe.

Alikaa eda kama ilivyo sheria: ndani, bila mapambo, bila manukato, bila kutoka. Tulikuja kukaa naye kwa zamu. Siku moja akaniambia nimletee kalamu, na wanawake waliokuwepo wakaguta. Eda na wino wapi na wapi? Mmoja akasema wino ni pambo kama hina, tena utamkaa kidoleni. Mwingine akasema maiti bado mbichi, huyu anataka kucheza na vitabu. Yakawa maneno makali. Somo alisema tu aulizwe shehe.

Shehe wa mtaa alikuwa mzee mwangalifu. Alisikiliza swali nyuma ya pazia, akafikiri kwa muda mrefu.

"Wino wa rangi gani?" aliuliza.

"Mweusi."

"Una harufu nzuri?"

"Unanuka masizi, shehe."

"Basi si pambo. Mwacheni mwanamke aandike."

Akaandika. Na nikwambie, sehemu aliyoiandika ndani ya eda, ile ya yule mwanamke akiikandika nyumba yake peke yake na kujisemea mwenyewe jioni, ndiyo inayonishinda mpaka leo. Mimi nimesoma vitabu vingi tangu wakati ule. Sijui alipata wapi nguvu ya kukaa na msiba wake uso kwa uso, akauangalia, na kisha akatafuta neno linaloufaa. Nilimwona akifanya. Nilikaa pembeni yake na sikuthubutu hata kukohoa.

Wakati huo mimi nilikuwa nimeolewa Kinondoni, na kwenda Temeke ilikuwa safari ya kuvuka mji mzima kwa miguu. Nilikuwa nimeanza kuandika visa vyangu vidogo, na hilo nilimwambia yeye tu. Nilijuta. Tangu hapo kila nilipomwamkia, jibu lilikuwa moja.

"Shikamoo, Somo."

"Marahaba. Umeandika?"

Nilimweleza habari za watoto, za mume, za kuni mbichi. "Mtoto akilala, andika," alisema. "Mtoto akiamka, sikiliza anavyosema. Akilala tena, andika alivyosema." Nilimwambia kisa changu gazeti limekikataa. Alinyoosha mkono, akakisoma polepole midomo ikicheza, akanirudishia. "Hapa katikati mgongo umeniwasha," alisema. Nilikwenda kupanyoosha pale katikati, na gazeti likakichapa. Siku nilipomletea gazeti lenyewe alilibusu, akaliweka juu ya kichwa chake, akazunguka nalo uani akipiga vigelegele peke yake. Kisha akaniuliza kama nimeandika kingine.

Kitabu chake kilitoka baada ya vita, karatasi ziliporudi na ofisi ikawa na watu wapya. Kilikuwa kijitabu chembamba chenye jalada la rangi ya udongo, na jina lake juu. Yule mwanamke anasema "mie" toka mwanzo mpaka mwisho. Somo alikinusa, akakipapasa, akasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti kuelekea upande wa makaburi. Temeke yote ilikuja. Nyakanga, ambaye sasa alitembelea mkongojo, alinunua viwili, kimoja cha kusomewa na kimoja cha kuweka.

Wageni walipoondoka nilimwuliza kama moyo umetulia.

"Nashukuru," alisema. "Lakini wote hawa wananijua, mwanangu."

Miaka ikapita, na sikusikia kwamba kitabu kile kimesomwa na mtu yeyote nje ya Temeke na ndugu zangu wa Kinondoni. Yeye hakulitaja tena jambo hilo. Macho yalianza kumwingia ukungu, akaacha kusuka, akaacha kuandika, akawa ananitungia mdomoni na mimi namwandikia nikija.

Asubuhi moja nilimpeleka zahanati, maana macho yalikuwa yamevimba. Tulikaa kwenye benchi na wagonjwa wengine mpaka akaitwa. Nesi alikuwa binti mrefu, mwembamba, na ukimsikia tu unajua ni wa bara. Dawa ile ilikuwa ikichoma. Tone la kwanza tu Somo aliruka, akamshika nesi mkono.

"Mwanangu, unaniua!"

"Pole, bibi. Tulia kidogo. Ukitikisika dawa inamwagika."

"Siwezi kutulia, nachomeka!"

"Basi nikupigie hadithi. Wagonjwa wangu wote wa macho huwa nawapigia hii hii, na wanatulia. Haya, angalia juu. Palikuwa na bibi harusi mmoja. Ngoma inalia, pilau imeiva, bwana harusi haonekani."

Niliinua kichwa. Nilifungua mdomo kusema, na mkono wa Somo ukanipata gotini, ukanibana kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Umeipata wapi hiyo?" aliuliza, uso ukitazama dari.

"Kwenye kijitabu, bibi. Nilikisoma nikiwa shule, kule kwetu. Tulikuwa tunapokezana bwenini, huyu akimaliza anampa huyu."

"Nani kakiandika?"

"Sijui, bibi. Kilipofika kwangu jalada lilikuwa limeshatoka."

Somo akainua kidevu, dawa ipate njia.

"Ikawaje?" akasema.

Nesi akaendelea, tone kwa tone. Alisimulia mama mkwe alivyokuja kudai nyumba na yule mwanamke alivyomwambia "mie siondoki," na alilisema vilevile, kwa hasira, binti wa bara kabisa. Alisimulia kukandika ukuta. Hapo alipunguza sauti, na wagonjwa kwenye benchi wakasogea. Mahali fulani alitia maneno yake mwenyewe, mvua ambayo haimo kitabuni, na nikamwona Somo akitikisa kichwa kidogo kukubali. Alikuwa ametulia kabisa. Hakusema lolote isipokuwa kila nesi alipokomea kuchovya pamba, aliuliza tena, "Ikawaje?" kama mtu asiyejua.

"Basi bwana harusi akarudi, bibi, baada ya miaka, na kikapu chake na maneno matamu. Akapiga hodi. Mwanamke akamkaribisha, akampa maji, akampikia. Siku ya pili akampikia tena. Bwana akajinyoosha kitandani, akaona mambo yamekwisha. Siku ya tatu asubuhi akaamka, akakuta mlangoni..."

"Akakuta nini?"

"Jembe!" nesi akacheka, na benchi zima likacheka, mzee mmoja akapiga kofi. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe! Imekwisha hiyo, bibi. Na jicho lako limekwisha. Umeona ulivyotulia?"

Dawa ilikuwa ikimtiririka Somo shavuni. Nilidhani sasa atasema. Nilikuwa tayari kusimama niwatangazie zahanati nzima. Akageuza uso wake polepole upande wa pili.

"Jicho la pili bado, mwanangu," alisema. "Anza tena tangu mwanzo."